Kinga za Golikipa

Timu ya wasichana ya Mwewe ilikuwa na mwenyekiti, makamu wa mwenyekiti, katibu, katibu msaidizi, mweka hazina, mlezi na msemaji. Haikuwa na kinga za golikipa. Kamati ilikutana mara nne kulijadili jambo hilo, na mara zote nne ilikunywa soda, ikasifu ari ya vijana, ikaahirisha. Mpira wa magongo ni mdogo na mgumu kama jiwe. Ukimpata mtu kwenye mfupa wa goti, kamati nzima na soda zake haiwezi kumsaidia.

Aliyezitengeneza hizo kinga ni fundi makochi, baba wa golikipa mwenyewe. Alichukua sponji ngumu ya kochi lililokataliwa na mteja, akaigandisha tabaka tatu kwa gundi, akaingiza vipande vya mbao nyembamba katikati, akafunika kwa ngozi bandia ya kahawia na kushona mikanda mitano kila mguu. Alimpima binti yake mara tatu, asubuhi, mchana na jioni, kwa sababu aliamini mguu wa mtu hubadilika kadiri siku inavyokwenda. Helmeti yenye wavu walipewa na hospitali iliyokuwa imeacha kuwa na timu. Siku ya mechi ya kwanza mashabiki wa upande wa pili walishika mbavu.

"Jamani, njooni muone! Golikipa wao amevaa sofa!"

Mpaka mapumziko walikuwa wamenyamaza, maana sofa hilo lilikuwa limezuia mipira tisa.

Tangu siku hiyo binti akaitwa Ukuta, na jina lake la kuzaliwa likabaki la nyumbani na la daftari. Ligi ilikuwa na timu nane zilizokutana mara mbili mbili. Katika mechi kumi na tatu, Ukuta alifungwa mabao manne tu, na moja kati ya hayo liligonga gongo la beki wake mwenyewe. Mwewe wakapanda hadi kileleni. Msemaji wa timu akatangaza kwamba siri ya mafanikio ni uongozi bora.

Nyumbani kwa fundi hawakuwa na haja ya msemaji. Walikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa karakana, na Ukuta alilala humo, kila usiku kwenye kochi la mtu mwingine kutegemea ni lipi lililokwisha. Mama yake alifagia na kupiga deki ghorofa tano za ofisi. Kwa sababu huko alikatazwa kuzungumza na wenye ofisi, maneno yake yote aliyaleta nyumbani yakiwa mabichi.

Waliyekuwa wakimngoja ni mwalimu mmoja wa michezo wa shule ya bweni. Kila mwaka mwalimu huyo alikuja kutazama mechi ya mwisho ya ligi na kuchagua golikipa mmoja, akasome bure kuanzia ada hadi sabuni. Shule ya kutwa ya Ukuta iliishia darasa alilokuwa amemaliza. Mbele yake palikuwa na njia mbili: bweni lile, au kushika sindano pembeni ya baba yake. Aliyetimiza miaka kumi na sita hakupokelewa tena, na Ukuta angeitimiza baada ya miezi miwili. Hapakuwa na mwakani.

*

Siku tano kabla ya mechi ya mwisho, mwenyekiti alikuja karakana na binti yake. Alikuwa mtu wa kuingia mahali tumbo likitangulia. Akaketi kwenye kochi lisilokwisha bila kuuliza, springi ikamchoma, akasogea kana kwamba ni yeye aliyeamua kusogea.

"Fundi! Kazi inaendelea?"

"Inaendelea, mwenyekiti. Karibu. Samahani, hilo bado halijawekwa sponji."

"Si neno. Sisi ni watu wa kawaida." Alimwonyesha binti yake kwa kidole. "Huyu wamwita Twiga. Mechi ya mwisho atakaa golini yeye. Kamati imeona tuwape nafasi na wengine."

Ukuta alikuwa amechuchumaa kwenye kona, aking'oa misumari ya kochi kuukuu. Mkono wake ukasimama. Twiga alitazama chini. Misimu miwili alikuwa akikaa benchi, na mazoezini mpira ukielekea kwake alifumba macho. Mtihani wa kuingia bweni alikuwa ameufanya mara mbili na kuanguka mara mbili. Mlango uliobaki ulikuwa ule wa magongo, na baba yake hakuwa mtu wa kuona mlango wazi bila kumsukumia mwanawe ndani.

"Lakini, mwenyekiti," fundi alianza, "huyu wangu amecheza mechi zote..."

"Ndiyo maana apumzike! Timu si mali ya mtu, fundi. Hata kinga zile ni za timu, ama nakosea?"

"Hukosei."

"Basi. Shida ni kwamba huyu wangu ni mrefu. Zinamfika hapa." Alipiga mguu wa binti yake katikati ya muundi. "Halafu kuna viti vya ukumbi wetu. Arobaini. Vimechakaa. Nimewaambia wenzangu fundi wa viti hivyo tunaye, hatuna haja ya kwenda mbali."

Hapa ndipo mwanamume mwingine angesema neno. Angeweza kusema hapana. Angeweza hata kusema nitafikiria, neno ambalo halijawahi kumvunja mtu jino. Fundi makochi alitazama miguu ya Twiga, akakunja uso kidogo, akavuta futi ya kamba shingoni.

"Hebu simama wima, mwanangu," alimwambia Twiga. "Usikaze goti."

Akapiga magoti kwenye vumbi la sponji, akapima. Aliandika kwa chaki juu ya meza: inchi kumi na tisa. Chini ya chaki hiyo, bado ilionekana ile ya zamani, inchi kumi na tano na nusu. Aliifuta kwa kiganja apate nafasi ya kupiga hesabu.

*

Mama aliporudi kutoka kazini zile kinga zilikuwa mezani zimepasuliwa. Hakuvua hata viatu.

"Umefanya nini?"

"Naziongezea kidogo. Angalia, naweka kipande hapa juu, nakishikiza kwa uzi mmoja mweupe. Ukivuta ule uzi, kipande chote kinatoka na kinga inarudi ilivyokuwa. Ndivyo tunavyofanya kitu cha kuazima. Mwenye jicho hajui palipoongezwa."

"Sikuuliza uzi! Nimeuliza umefanya nini!"

"Mwenyekiti kaja..."

"Najua kaja. Mtaa mzima umeona gari. Kaja kakuomba mkate wa mwanao, na wewe ukamuuliza umpakie siagi?"

"Kuna viti arobaini, mama."

"Viti!" Alicheka kicheko kibaya. "Mtu akija kukuomba kichwa chako, wewe utamuuliza umfungie kwa gazeti au kwa mfuko. Basi kama huwezi kukataa, ungeshona vibaya! Ungeacha mshono ukalegea, zikamvuka uwanjani, watu wakaona!"

Fundi alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Nishone vibaya? Makusudi?"

"Eeh! Makusudi!"

"Kazi yangu?"

Mkewe aliketi akavua viatu, si kwa kushindwa, ila kwa kuchoka. Alikuwa ameolewa na mtu huyu miaka kumi na minane. Alimjua kwamba angeweza kuvumilia kutukanwa na mteja, kunyimwa malipo, kusukumwa kwenye foleni, lakini mshono uliopinda ungemkosesha usingizi. Heshima yake yote aliiweka kwenye makochi ya watu, hakubakiwa na ya kuvaa mwenyewe.

Ukuta alikuwa bado kwenye kona yake. Aliendelea kung'oa misumari, akaipanga kwenye kopo, iliyonyooka huku, iliyopinda kule.

*

Siku ya mechi, kamati nzima ilivaa suti. Mwalimu wa bweni alikaa juu kabisa ya jukwaa peke yake, na kofia yake ya jua na daftari mapajani, akikataa soda aliyoletewa na makamu wa mwenyekiti, kisha ya katibu, kisha ya mlezi. Kanuni za ligi zilikuwa fupi. Kila timu iliandika golikipa mmoja kwenye karatasi ya mechi, refa akasaini kwa kalamu, na jina likishaandikwa hivyo halifutwi. Kwenye karatasi ya Mwewe liliandikwa jina la Twiga. Ukuta alipewa kazi ya kubeba chupa za maji.

Mwewe walihitaji sare tu wachukue kombe; wapinzani wao, waliokuwa wa pili, walihitaji kushinda.

Kinga zilimkaa Twiga vizuri ajabu. Hilo lazima lisemwe. Zilimshika goti, zikafuata muundi, hazikucheza hata kidogo, na fundi aliyesimama nyuma ya kamba alizitazama kwa furaha ya kijinga mpaka bao la kwanza lilipoingia. Twiga alikuwa amefumba macho. La pili likapita kati ya miguu yake. La tatu alilikimbia waziwazi, na mashabiki wakacheka hadi wengine wakakaa chini.

"Sofa lile lile," mmoja alisema, "leo limekaliwa na mgeni!"

Wakati wa mapumziko, nyuma ya kibanda cha vifaa, mwenyekiti alikuwa akitokwa jasho kwenye kola. Kocha, aliyekuwa mwalimu wa hesabu siku za kazi na mtu wa kusema ndiyo siku zote, alisimama kando. Twiga alikuwa amevua helmeti, analia.

"Baba, nilikwambia siwezi. Nilikwambia."

"Nyamaza." Mwenyekiti alimgeukia Ukuta. "Wewe, vaa. Vaa jezi yake, vaa helmeti, ingia. Usimwambie mtu. Kwa mbali nani atakujua?"

"Karatasi ina jina lake," Ukuta alisema.

"Jina ni kitu gani? Timu ndiyo kitu! Unataka wenzako wakose kombe kwa ajili ya jina?"

Ukuta alimtazama kocha. Kocha akatazama saa yake. Ukuta akamtazama baba yake, aliyekuwa ameitwa aje na mkasi. Baba yake alikuwa tayari amepiga magoti na mkasi mdomoni.

Tumwonee huruma huyo mtoto, maana alitaka kucheza. Mechi kumi na tatu alisimama pale, akajua kila shimo la uwanja ule, na sasa alikuwa akiitwa. Akavaa jezi, akanyoosha mguu, akafungwa zile kinga. Fundi alivuta uzi mweupe kutoka mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Vipande vya juu vikatoka vizima, kinga zikarudi inchi kumi na tano na nusu, na kazi yote haikuchukua dakika mbili.

"Umeona?" alimnong'oneza. "Uzi mmoja tu."

Binti akavaa helmeti, akaingia.

Kipindi cha pili hakuna mpira uliopita. Alizuia kwa mguu, kwa gongo, kwa kifua, na mara moja kwa helmeti, ikalia kama sufuria. Mabeki walipojua nyuma pana mtu, wakapanda mbele. Bao la kwanza likarudi, la pili likarudi, na la tatu likapatikana kwa kona fupi zikiwa zimebaki dakika nne. Kisha penalti ikatolewa dhidi ya Mwewe. Mpigaji alikuwa msichana ambaye Ukuta alikuwa amemtazama msimu mzima, akajua hupeleka wapi. Akaanguka kulia kwake kabla mpira haujapigwa vizuri, na mpira ukagota kwenye ngozi ya kahawia, ukarudi.

Mama yake, aliyeomba ruhusa kazini akadanganya kwamba anaumwa jino, alipiga kelele hadi sauti ikakatika. Tatu kwa tatu. Kombe.

*

Kombe hilo Mwewe walikaa nalo kama dakika kumi.

Wachezaji walipokuwa wakirushana, mwenyekiti alimvuta Ukuta nyuma ya kibanda, akamvua jezi na helmeti kwa haraka ya mwizi wa kuku. Kinga akazifungua mwenyewe na kumvisha Twiga, ili mwalimu wa bweni akishuka amkute golikipa aliyevaa kama golikipa. Kwa haraka yake hakukumbuka vile vipande vya juu. Vilikuwa mfukoni mwa fundi, vimekunjwa vizuri pamoja na nyuzi zake.

Mwalimu akashuka, na refa akafuatana naye kuchukua karatasi isainiwe na manahodha.

"Huyu ndiye?" mwalimu aliuliza.

"Ndiye, mwalimu!" mwenyekiti alisema. "Binti yangu. Kipindi cha kwanza alikuwa na homa kidogo."

"Shikamoo," Twiga alisema, macho chini.

"Marahaba." Mwalimu hakumtazama uso. Aliinama akazitazama kinga, akazigonga kwa kidole, akavuta mkanda. "Hizi si za dukani. Nani amezishona?"

Na fundi makochi, ambaye alikuwa amejificha nyuma ya watu kumi, alitoka mbele. Hakuna aliyemwita. Sifa ya kazi ilimtoa, kama harufu ya chakula inavyomtoa paka chini ya meza.

"Mimi, mwalimu."

"Kazi nzuri sana. Tabaka ngapi?"

"Tatu. Na mbao katikati, kama mgongo wa kiti."

"Ila hujazipima sawa," mwalimu alisema. "Zinamwishia chini ya goti. Angepata mpira hapa ungemvunja."

Mwenyekiti alimtazama fundi. Ndani ya macho yale mlikuwa na viti arobaini. Fundi aliviona vyote, mstari kwa mstari. Alichotakiwa kusema kilikuwa kidogo: samahani, nilikosea. Kilikuwa midomoni. Mtu huyu aliomba radhi hata alipokanyagwa.

"Sikukosea kupima," alisema.

"Fundi," mwenyekiti alisema polepole.

"Sikukosea, mwalimu. Inchi kumi na tano na nusu. Nilipima mara tatu. Ni za binti yangu. Yule pale." Akaonyesha. "Yeye ndiye aliyecheza nazo kipindi cha pili. Za huyu ni kumi na tisa, vipande vyake ninavyo hapa." Akavitoa mfukoni, mwenyewe, na nyuzi mbili nyeupe zikining'inia.

Msimsifu. Hakusema kwa ushujaa, na wala hakumfikiria mwanawe. Aliambiwa amepima vibaya, hilo tu, na hilo hakulivumilia.

Refa aliisoma karatasi, akamtazama Ukuta, ambaye nywele zake zilikuwa bado zimelala kwa jasho la helmeti. Akatoa kalamu. Golikipa asiyeandikwa kwenye karatasi, jina la bandia: Mwewe wakanyang'anywa mechi na pointi zake, na kombe likavushwa upande wa pili wa uwanja, ambako lilipokelewa kwa vicheko vikubwa kuliko furaha.

Mama alipenya hadi kwa mwalimu. "Mwalimu, umemwona kwa macho yako. Si umemwona?"

"Nimemwona, mama. Ni golikipa bora niliyemwona miaka mitano."

"Basi mchukue!"

"Nachagua kwa karatasi iliyosainiwa. Yeye hayumo. Na alikubali kuvaa jina la mwenzake." Alifunga daftari kwa utaratibu. "Shule yetu inasisitiza uadilifu. Ajaribu mwakani."

"Mwakani atakuwa amepita umri."

"Pole sana," mwalimu alisema, na kweli alionekana ana pole. Ilikuwa pole safi, iliyopigwa pasi. Akaondoka nayo.

*

Kamati ilikutana mara ya tano. Ilikunywa soda na kuamua kwamba aliyeiponza timu ni familia ya fundi. Mwenyekiti alibaki mwenyekiti. Viti arobaini vilipelekwa kwa fundi mwingine, aliyeshona mishono iliyopinda, na fundi wetu alipopita ukumbini akaiona kupitia dirishani, alirudi nyumbani akashindwa kula chakula cha jioni. Twiga alikuja siku moja na mandazi kwenye mfuko, akasema nisamehe. Ukuta akapokea mandazi.

Mwezi wa pili baada ya mechi, dereva wa shule ya bweni alileta barua. Mama aliishika kwa mikono miwili, akampa binti yake asome kwa sauti. Uso wake ulikuwa umefunguka namna ambavyo haukufunguka siku nyingi.

Mwalimu wa michezo alimsalimu fundi, akaisifu tena kazi yake, na kuagiza jozi sita za kinga kama zile, kwa ajili ya magolikipa wa shule. Malipo nusu kabla.

Ukuta aliimaliza barua mpaka saini. Akaikunja.

"Jozi sita!" fundi alisema. "Mnaona? Kazi nzuri haipotei. Haipotei!" Akatazama nyuso zao, akaacha kucheka.

Mama aliingia chumba cha ndani, akafunga mlango taratibu.

Kesho yake fundi alikata kadibodi ya kielelezo. Ukuta alikuwa kwenye kiti chake kipya pembeni ya meza, sindano iliyopinda mkononi, anashona ukingo wa kochi. Mishono yake ilikuwa imenyooka. Ilikuwa ya baba yake kabisa.

"Mwanangu," fundi alisema bila kumtazama, "niazime mguu. Hawakuandika vipimo. Nataka wa kuanzia."

Alidhani atakataa. Pengine alitamani akatae. Ukuta alichomeka sindano kwenye sponji, akaja, akaweka mguu juu ya stuli. Fundi alipiga magoti na kupima kutoka goti hadi kifundo. Akapima tena.

"Kumi na sita na robo," alisema. "Umekua."

Akaandika kwa chaki kwenye kadibodi.

"Andika na jina," Ukuta alisema.

"La nani?"

"Langu. La daftari. Na kwenye kila kinga pia, wanaozivaa huko wajue zimepimwa kwa nani."

Fundi alimtazama, kisha akainama, akaweka chaki kwenye kadibodi na kuanza herufi ya kwanza.

"Si kwa chaki, baba," binti alisema. "Kwa kalamu."

Fundi alifuta herufi ile kwa kiganja. Akatafuta kwenye droo, kwenye kopo la misumari, chini ya vitambaa. Nyumba hiyo ilikuwa na kalamu moja tu, na ilikuwa ndani ya mkoba wa shule, uliotundikwa ukutani tangu siku ya mitihani. Akaenda kuufungua.